Waposa Hadithi

Mgonjwa alisema, "Twi..." na mkewe akasema anataka maji.

Hakuwa anataka maji. Kikombe kilipofika mdomoni aliubana mdomo kama mtoto anayekataa dawa, maji yakamtiririka shingoni hadi kwenye mto. Mama akayapangusa kwa taulo, bila haraka na bila kumtazama usoni. Mgonjwa akavuta pumzi, akaanza upya kazi ile ngumu ya kulitafuta neno mdomoni. "Twi," akasema. "Twi."

"Mama, baba hataki maji," akasema Nukta. "Anamtaka Twiga."

"Nani?"

"Mama, tafadhali."

"Mimi twiga ninayemjua yuko porini. Shika huku tumgeuze, mgongo utaota vidonda."

Wakamgeuza. Alikuwa amepungua kiasi kwamba hata kumgeuza hakukuwa kazi tena, na jambo hilo lilimuuma Nukta kuliko kazi yenyewe. Kiharusi kilikuwa kimechukua upande wote wa kulia na sehemu kubwa ya ulimi. Hospitali walikaa naye kwa muda, kisha daktari akawaita pembeni akawaambia, kwa sauti laini mno, kwamba ni bora mzee akae nyumbani na watu wake. Nukta alikuwa ameuza dawa nyuma ya kaunta tangu usichana wake, na sauti laini ya daktari aliijua maana yake. Aliitikia, akashukuru, akaenda kutafuta teksi ambayo dereva wake angekubali kubeba mgonjwa asiyeweza kukaa.

Kitanda wakakiweka sebuleni, kando ya meza kubwa, kwa sababu chumbani kusingekuwa na nafasi ya watu wawili kusimama na kumgeuza wa tatu. Meza ile ilikuwa kubwa kupita kiasi kwa nyumba ya watu watatu. Ilinunuliwa zamani, wakati nyumba ilikuwa na watu.

"Wiki nzima anataja jina hilo hilo," akasema Nukta. "Hakuniita mimi. Hakukuita wewe. Anamtaka rafiki yake kabla hajaenda, mama. Ni jambo dogo."

"Ni dogo kwako." Mama alikuwa akikunja taulo, kona kwa kona, kama alivyokunja taulo za hoteli maisha yake yote. "Mguu wa mtu yule ukivuka kizingiti hiki, wangu unatoka. Nilishasema, na sijapunguza hata neno."

*

Jina halisi la Nukta lilikuwa kwenye cheti cha kuzaliwa, na halikutumiwa na yeyote isipokuwa benki. Nukta alipewa na marafiki wa baba yake, waandishi, kwa sababu alikuwa mdogo, mweusi, wa mviringo, na kila alipoingia na birika la chai watu wazima walinyamaza. Akiwa mtoto alidhani ni heshima. Alipokua alielewa kwamba walikuwa wakisubiri chai tu.

Baba yake alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha kuchapisha gazeti. Kutwa alisoma makosa ya wengine, jioni akaandika hadithi zake. Alitoa kitabu kimoja chembamba, akasifiwa, na baada ya hapo akawa mtu wa kuanza. Alikuwa na mianzo mingi mizuri. Marafiki zake walikuja kila Jumamosi alasiri. Kulikuwa na Ngurumo, mshairi, aliyekuwa hawezi kuomba sukari bila majirani kusikia. Kulikuwa na Bi Redio, aliyeandika michezo ya redioni na kuvuta sigara dirishani. Na kulikuwa na Twiga, mwandishi wa riwaya, mwenye shingo ndefu na koti moja, ambaye Nukta alimwita baba mdogo na ambaye peke yake kati yao alipeleka kikombe chake jikoni mwenyewe.

Walikuwa na sheria yao, na Nukta aliijua kabla hajajua kusoma. Jambo likitokea mbele yao, au mtu akisimulia kisa chenye utamu, wa kwanza kugonga meza kwa konzi na kusema "Nimeiposa!" ndiye mwenyewe. Wengine hawana ruhusa kuiandika, sasa wala baadaye, hata wakiiota usingizini. Iliyoposwa haiposwi, walisema. Aliyeiposa akishindwa nayo anaweza kumwachia mwenzake, kwa hiari yake, lakini kuiba hakuna. Ngurumo aliwahi kugundua kwamba shairi alilokwisha kuliandika lilitokana na kisa alichokiposa Bi Redio. Alilichana mbele yao wote, vipande vikaelea ndani ya chai, akalia machozi ya kweli. Walikuwa watu wa ovyo katika mambo mengi, lakini katika hilo walikuwa waaminifu kuliko mahakama.

Siku moja Nukta alianguka kutoka kwenye kigoda akavunjika jino la mbele. Damu ilitoka nyingi. Kabla mtu yeyote hajamwinua, alisikia konzi zikigonga mezani, tatu kwa pamoja, na ubishi ukaanza nani alitangulia.

Mama alitoka jikoni, akamwokota mtoto, akawatazama. "Nyinyi watu," akasema. "Iko siku mtaposa maiti humu ndani."

Wakacheka mpaka Ngurumo akapaliwa. "Na hiyo nayo nimeiposa!" akapiga kelele. Hata mama alicheka kidogo, akiwa ameshika kitambaa kwenye mdomo wa mwanawe. Ni vizuri lisemwe hilo, maana baadaye watu walidhani mwanamke yule alizaliwa amenuna.

*

Mama alikuwa dobi wa hoteli. Mgeni mmoja alipoteza pete. Meneja akawakusanya wanawake wa kufua kwenye ua wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, akawaambia wavue na kuzikung'uta nguo zao, moja baada ya nyingine, mbele ya wapishi na walinzi na kijana wa kubeba mizigo. Mama alibaki na shimizi. Shimizi lile lilikuwa na kiraka nyuma, kitambaa cha gunia la unga wa ngano, na maandishi ya bluu yalikuwa bado yanasomeka baada ya kufuliwa miaka na miaka. Mpishi mmoja aliyasoma kwa sauti: "Kilo hamsini." Watu wakacheka.

Pete ilipatikana jioni ndani ya kiatu cha mgeni mwenyewe. Hoteli iliwapa wanawake mche wa sabuni kila mmoja, na kesho yake wakarudi kazini.

Habari hiyo Nukta hakuijua ilipotokea. Aliijua darasani. Mwalimu alikuwa akiwasomea riwaya mpya, riwaya ya Twiga, na walipofika mahali pa dobi aliyevuliwa uani, na kiraka cha gunia la unga, na mpishi anayesoma, darasa zima likageuka nyuma kumtazama yeye. Shimizi la mama yake lilikuwa likianikwa kwenye kamba nyuma ya nyumba, na njia ya kwenda shule ilipita hapo hapo. Tangu siku hiyo akawa Kilo Hamsini. "Kilo Hamsini, hujambo?" "Kilo Hamsini, leo umekandwa?" Alimaliza shule na jina hilo, na mpaka leo yuko mwanamume mmoja mwenye kitambi, anakuja dukani kununua dawa za presha, na akimwona kwenye kaunta macho yake huanza kucheka kabla mdomo haujamkataza.

Mama alikisoma kitabu amesimama, karibu na kamba ya nguo, taratibu, midomo ikicheza. Jumamosi Twiga alikuja na nakala aliyoitia sahihi kwa ajili ya nyumba. Mama alikuwa mlangoni. Ngurumo alipita, Bi Redio alipita.

"Wewe hapana," akasema mama.

Twiga alisimama na kitabu mkononi. Alitazama ndani, juu ya kichwa cha mama, mezani alipokuwa ameketi mwenyeji. Baba alikuwa akikitazama kikombe chake. Nukta alikuwepo na birika, akasubiri baba aseme kitu, ama kumtetea rafiki ama kumtukana. Baba aliendelea kukitazama kikombe, na Twiga akageuka akaenda zake, shingo yake ndefu ikionekana juu ya ua wa jirani kwa muda mrefu.

Jumamosi zilikonda, zikafa. Ngurumo alihama, kisha akafariki. Bi Redio alichukuliwa na mwanawe kwenda nchi za mbali. Baba hakuanza tena hadithi yoyote. Mama aliendelea kufua nguo za wageni mpaka magoti yakamkatalia, lakini nguo zake za ndani hakuzianika nje tena. Alizikaushia chumbani, chini ya kitanda, mahali pasipo na jua, na ndiyo maana chumba kile kilinuka unyevu mwaka mzima.

*

Nukta alimwomba mwenye duka la dawa ruhusa ya kutoka mapema.

"Baba yako tena?" akauliza mwenye duka, bila kuinua kichwa kwenye simu yake. "Huyu mzee anakufa mara ngapi?"

Nukta alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa zuri. Alilimeza. Alivua koti jeupe, akalitundika, akasema asante. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao mtu hawezi hata kuudhika vizuri.

Alidhani atamkuta Twiga kwenye nyumba ya mtu mkubwa. Kitabu kilisomwa na shule zote, picha yake iliwahi kuwa gazetini. Aliulizia kwa muuza vitabu, akaelekezwa, akafika kwenye saluni ya kike. Mwenye saluni, mkwe wa Twiga, alimwelekeza kwa kitana bila kuacha kusuka. "Pita huko nyuma. Akiomba hela usimpe, anakula vizuri tu."

Chumba kilikuwa nyuma ya mashine za kukaushia nywele, na mlango wake ulikuwa pazia. Mzee alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, kwa kuwa kitandani kwenyewe wateja walikuwa wamerundika mikoba yao. Shingo ilikuwa ile ile. Vingine vyote vilikuwa vimeporomoka kuizunguka.

"Shikamoo," akasema Nukta. Alikuwa ameapa njiani kwamba hataisema, lakini ulimi una mazoea yake.

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

"Mimi Nukta."

Mashine za saluni zilivuma. Mzee akainama akaanza kutafuta viatu chini ya kitanda, kabla hajaulizwa kitu. "Ni yeye?" akauliza kutoka chini.

"Ni yeye. Anakuita."

"Na mama yako ameniruhusu?"

"Hapana."

Twiga aliinuka bila kiatu. Akarudi kukaa. "Basi siwezi kuja, mwanangu. Nilikatazwa mlango. Sikukatazwa na yeye, nilikatazwa na mwenye mlango."

"Baba anakufa, mzee." Zamani angesema baba mdogo, na wote wawili waliisikia nafasi ya neno hilo ilivyobaki wazi. "Mimi sikuja kwa mapenzi. Ulituvua nguo mbele ya watu. Mama ilikuwa mara yake ya pili, mimi mara yangu ya kwanza. Hilo ninalo moyoni na sitakuficha. Lakini baba ana neno moja tu lililobaki mdomoni, na neno lenyewe ni wewe. Sasa nifanye nini?"

Mzee alifungua mdomo. Ilionekana ana mengi. Mteja mmoja aliingia bila kubisha, akachukua mkoba wake kitandani, akatoka.

"Mama yako aliwahi kukwambia," akasema Twiga, "nani aliyeiposa hadithi ile?"

"Kitabu kina jina lako."

Alimtazama Nukta kwa muda. "Ndiyo," akasema. "Kina jina langu." Akainama tena, akakipata kiatu, akaanza kufunga kamba kwa vidole visivyomtii. Nukta alimwangalia akihangaika, mwishowe akapiga goti akamfungia, huku akijichukia kidogo.

*

Walifika alasiri. Mama alikuwa mlangoni kabla hawajabisha, mikono ina povu hadi viwikoni, maana mashuka ya mgonjwa yalikuwa hayaishi. Hakumtazama mgeni. Alimtazama mwanawe.

"Nilisema nini?"

"Ulisema, mama."

"Nilisema kwa lugha gani?"

"Shemeji," akasema Twiga kutoka njiani. Hakuwa amekanyaga hata ngazi.

"Mimi si shemeji yako."

"Sawa."

"Nenda ulikotoka. Mwenzio haongei. Umekuja kusikiliza nini?"

Ndipo waliposikia. Kutoka ndani, mti juu ya mti, au mfupa juu ya mti. Konzi moja. Kimya. Konzi ya pili.

Hawakusogea, wote watatu. Sauti ile haikuwa imesikika katika nyumba hiyo tangu Nukta akiwa na sare ya shule. Mgonjwa alikuwa ameunyoosha mkono wake wa kushoto, ule uliobaki, mpaka kwenye meza iliyokuwa kando ya kitanda.

"Anagonga," akasema Twiga.

"Nasikia, sijaziba masikio," akasema mama. Akasimama hapo muda mrefu, povu likimkaukia mikononi. Kisha akaondoka mlangoni. Hakumwambia mtu aingie, aliondoka tu akaenda kusimama upande wa kichwani mwa kitanda, mahali pake pa siku zote.

Twiga aliingia. Akavuta kiti, akaketi, akaushika mguu wa rafiki yake juu ya shuka, kwa kuwa hakujua pa kumshika. Wazee wale walitazamana. Nukta alitarajia machozi, au jina, jina lile lililosubiriwa wiki nzima. Lakini baba hakumtazama Twiga kwa muda mrefu. Macho yake yalimwacha, yakapanda polepole hadi kwa mkewe, yakakaa hapo. Mkono wa kushoto ukagonga meza mara moja, kisha ukarudi ukaanguka juu ya kifua chake mwenyewe. Ukagonga tena. Ukarudi kifuani.

"Kifua kinamuuma," akasema Nukta, na akaanza kutafuta vidonge.

"Hakimuumi," akasema mama.

Konzi. Kifua. Twiga alikuwa amefunika macho kwa mkono. "Shem... Mama Nukta," akasema, "anataka kusema kwamba..."

"Najua anachotaka kusema. Anasema aliyeiposa ni yeye."

Nukta alibaki na chupa ya vidonge mkononi.

"Unanitazama nini?" akasema mama. Sauti yake haikupanda. Ilikuwa sauti ya mtu anayehesabu nguo chafu za wageni. "Habari ile niliisema mara moja tu duniani. Nilimwambia mtu mmoja, mlango umefungwa, taa imezimwa. Huyu mrefu angeipata wapi, aletewe na ndege? Nilipofika kwenye lile gunia la unga kitabuni, nilijua. Kikulacho ki nguoni mwako. Wangu nilikuwa nalala naye."

"Sasa kwa nini ulimfukuza yeye?" Nukta alisikia sauti yake ikitoka ya kitoto. "Miaka yote hii, mama! Mimi nimemchukia mtu huyu tangu darasani."

"Ulitaka nimfukuze nani? Baba yako? Halafu wewe ule nini, na mimi nilale wapi, jioni nimuulize nani mambo ya kazini? Chuki ni kama ndoo ya maji machafu, mwanangu, lazima uimwage mahali. Nikamwaga kwa huyu. Yeye alikuwa anaondoka jioni kwenda kwao."

Twiga alishusha mkono usoni. "Alinambia umekubali," akasema. "Aliianza mara nyingi ikamshinda. Alikuja kwangu akaigonga mezani akasema nakuachia, na mwenyewe ameruhusu. Sikujua mpaka siku ile uliposimama mlangoni. Na nilipojua, ningesema nini? Nimgombanishe mtu na mkewe?"

"Ungesema," akasema mama. "Lakini hukusema. Basi hata wewe nina deni lako la shukrani, na sijui nilipe nini." Akaitazama konzi iliyokuwa ikipanda tena kuelekea mezani, akaidaka hewani, akaikunjua kidole kwa kidole. Mgonjwa alikuwa akilia kwa jicho moja, lile la upande mzima. Mama alilipangusa kwa kidole gumba.

"Basi," akamwambia. "Acha kugonga, utajiumiza. Nimekusikia. Nilikusikia zamani."

Mgonjwa alitoa sauti iliyoanza kwa "sa" na ikaishia hapo.

"Sijasema nimesamehe," akasema mama. "Nimesema nimesikia. Lala."

*

Akalala. Nukta alichemsha chai kwa sababu hakujua la kufanya. Alileta birika na vikombe, na alipoingia wote walikuwa kimya, kama zamani. Twiga alipokea kikombe kwa mikono miwili. Mama alikataa, kisha akapokea. Waliketi, mmoja kichwani na mwingine miguuni mwa kitanda, mgonjwa akiwa kati yao. Ilikuwa kama watu waliobeba mzigo mrefu kwa ncha zake mbili na sasa wameutua.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa amemshika mumewe mkono, na aliacha kunywa. Pumzi ilikuja, ikaenda. Wakasubiri nyingine. Ikaja, ya mbali, kama mtu anayeitika kutoka chumba cha pili. Wakasubiri tena. Nje mtu alikuwa akiburuta kiti kwenye saruji. Wakaendelea kusubiri, hata baada ya kila mmoja kujua.

Nukta hakulia papo hapo. Alikuwa akimtazama Twiga, na alichokiona kilimrudisha utotoni kwa ghafla. Mzee alikuwa anaomboleza, hilo halikuwa na shaka, midomo ilimtetemeka na pua ilimchuruza. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kutembea. Yalipita kwenye miwani ya marehemu iliyowekwa ndani ya kikombe kitupu. Yalipita kwenye povu lililokauka katika mikono ya mjane, kwenye konzi iliyokunjuliwa kidole kwa kidole. Yalikuwa yanaokota. Na mkono wake wa kulia uliinuka kutoka gotini, vidole vikajikunja vyenyewe. Si kwamba alikusudia. Mkono wa fundi ukizoea kazi haumwombi mwenyewe ruhusa.

Nukta alitaka kupiga ukelele. Aliliona darasa likigeuka nyuma tena.

Konzi iligonga meza, kavu, mara moja.

Haikuwa ya Twiga. Mama alikuwa ameinama juu ya mumewe, mkono mmoja bado umemshika, na mkono wa pili uko mezani, umekunjwa.

"Nimeiposa," akasema mama.

Twiga alitazama konzi ile ya dobi, yenye viungo vilivyovimba. Akautazama mkono wake mwenyewe uliokuwa hewani kama kwamba ni wa mtu mwingine. Aliushusha, akauweka gotini, akaufunika kwa mwenzake.

"Iliyoposwa haiposwi," akasema.

"Utaifanyia nini, mama?" akauliza Nukta. Sasa alikuwa analia.

"Nitakaa nayo."

Mama alinyanyuka, akishika ukingo wa meza kwa sababu ya magoti. Alimfumba mumewe macho, lile jicho la kulia lililokataa kufumba siku zote, na la kushoto. Akakunja mikono ya gauni.

"Nukta, lete shuka jeupe, lile la chini kabisa kabatini. Na wewe usikae hapo kama mgeni," akasema, na haikuhitajika kuuliza anamwambia nani. "Shika huko miguuni, shemeji. Tumnyooshe kabla viungo havijakaza."

Twiga alisimama, akavua koti lake, akaenda kushika miguuni.